Ua la Hereni na Mawe ya Kutawadhia

Kabla hujashika kopo la maji, tia kidole kwenye udongo. Kidole kizima, si ile kuguseguse juu kama mtu anayeonja uji wa moto. Mke wangu Nduku anasema siku nikifa ataniandikia maneno hayo kaburini. Nimemwambia sawa, mradi watakaokuja kumwagilia maua ya kaburi wayasome kwanza.

Nimestaafu, niko nyumbani Kilungu, huku juu kwenye baridi. Nyinyi vijana mnaouza miche kule chini kando ya barabara ya Mombasa mnanijua. Mnapanda hadi kwangu kukata vipandikizi vya fuksia, mnavifunga kwenye gazeti bichi, halafu mmoja wenu anauliza, "Mzee, hii inatakanga nini?" Nikianza kujibu, macho yenu yako kwa boda boda anayewangoja langoni. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Karatasi haina haraka, na hakuna wa kuipigia honi.

Ua lenyewe mnalijua, ingawa sina hakika mmewahi kulitazama. Halielekei juu kama waridi linalotaka kusifiwa. Linaning'inia. Vazi lake la nje ni jekundu, limefunguka na kujikunja nyuma, la ndani ni zambarau nzito, na katikati zinashuka nyuzi ndefu ambazo upepo mdogo tu unazitikisa. Hapa kijijini tunaliita ua la hereni. Nimefanya kazi ya bustani tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, na bado nikikuta tawi limejaa hereni asubuhi ninasimama na kusahau nilikuwa nakwenda wapi. Nalipenda. Sitaki kuwadanganya kwamba ilikuwa kazi tu.

Huku kwetu halina shida. Linataka jua la asubuhi na kivuli cha mchana, udongo wenye mbolea iliyooza vizuri, na mahali pasipotuama maji. Ukungu wa milimani unamaliza kazi iliyobaki. Ndege chozi wanalitembelea kutwa, na watoto wanakula matunda yake meusi na kutia madoa mashati ya shule. Mimi nawaacha wale, kwa sababu mti ukijaa matunda unaona umemaliza kazi yake na unaacha kuchanua. Ua likinyauka, liondoe pamoja na kile kitunda kilicho nyuma yake. Wengi wenu mnang'oa ua, mnaacha kitunda, halafu mnanilaumu kwamba nimewapa mche mvivu.

Lakini mimi kazi niliijulia Kitui, na Kitui si kwao fuksia.

Niliajiriwa kutunza bustani ya gesti moja mjini. Nilishuka na miche yangu kutoka milimani na kiburi kingi. Nilimwambia mwenye gesti kwamba atakuwa na hereni kutoka lango hadi mlango wa jikoni. Nikaipanda kwenye vyungu vya plastiki nyeusi, nikavipanga juu ya ukuta wa simiti ili kila mgeni avione. Mwezi wa tisa ulipofika nilikuwa na safu ya vijiti. Nilipopindua chungu kimoja, mizizi ilikuwa laini na ya moto, imeiva kabisa. Plastiki nyeusi juani ni sufuria, vijana. Ukiweka mizizi ndani yake unapika.

Na wageni walisaidia kuua. Fuksia ina tabia moja ambayo lazima muijue. Joto likizidi, majani yanalegea hata kama udongo umelowa. Mti haulii kiu, unalia joto, na ukiuongezea maji wakati huo unaizamisha mizizi. Sasa mwambie hayo mtu wa Kitui! Watu wa kule wamekulia ukame. Mtu wa huko akiona jani limelegea, mkono unakwenda kwenye maji wenyewe, na kupita bila kutoa maji ni roho mbaya. Kila mgeni aliyemaliza chakula alimimina maji ya gilasi yake kwenye chungu changu kwa huruma. Dereva mmoja wa lori la mbuzi kutoka Mwingi aliniita pembeni akaninong'oneza, "Bwana, usijali, nimeinywesha." Alikuwa ameinywesha ndoo nzima. Nilimshukuru, ningefanyaje?

Mpishi wetu aliniona nimeinama juu ya vijiti vyangu. "Kyalo," akasema, "si uende kwa Bi Swafiya, pale nyuma ya msikiti. Yeye ako na hiyo maua na inachanua tu." Nilimwambia hakuna fuksia inayochanua Kitui mwezi wa tisa. Akaniambia basi niende nikaiambie hiyo maua ifunge.

Bi Swafiya alikuwa mjane mwenye asili ya pwani. Babu zake walikuja Kitui na biashara wakabaki, na yeye mwenyewe aliuza vitumbua kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Nilijifanya mteja. Nilikula vitumbua hadi nikashindwa, huku nikinyoosha shingo kutazama uani.

"Baba," akaniambia, "umekuja kula au kuchungulia ua langu?"

Akanipeleka nyuma. Kule, chini ya paa la makuti lililozuia jua la mchana, kando ya mawe bapa ambapo watu wa nyumba walikaa kutawadha kabla ya swala, lilikuwepo. Fuksia ya chungu, pana, imejaa hereni hadi majani yalikuwa kazi kuyaona. Nilivua kofia. Sikupanga kuvua kofia, ila niliivua.

Huyo ndiye mwalimu wangu, na nataka mlijue jina lake. Alinifundisha kwamba chungu kiwe cha udongo, si plastiki, na kikae ndani ya chungu kikubwa zaidi, na kati yake kujazwe mchanga. Mchanga ndio unaopewa maji mchana, mizizi inabaki baridi bila kuzama. Maji ya mti wenyewe ni ya asubuhi, na ni baada ya kidole. Mbolea ya mbuzi loweka, uichuje, uizimue mpaka iwe na rangi ya chai ya mgonjwa. Na msiusogezesogeze mti wenye matumba. Ukiuhamisha kidogo tu, unayaangusha yote chini.

Alinifundisha kubana. Mche ukiwa mdogo, unakata ncha yake kwa kucha ili utoe matawi mawili, halafu unabana na hayo, mpaka upate kichaka. Mara ya kwanza nilishindwa. Ncha ilikuwa nzuri, kijani kibichi, nikaionea huruma. "Bana!" Bi Swafiya akasema. "Mwanaume mzima unaogopa jani?" Nikabana, macho nimefumba. Nyinyi pia mnaiogopa ncha, ndiyo maana miche yenu ni mirefu na myembamba, kama watu wanaochungulia juu ya uzio.

Marehemu mumewe, Mzee Athumani, alikuwa dereva wa lori. Kipandikizi cha kwanza alikitoa Kilungu, kwenye nyumba moja alikoshusha saruji, akakifunga kwenye ganda la mgomba lililolowa na kukiweka miguuni pake mpaka Kitui. Watu wa gereji walimcheka. Miaka yote iliyofuata Bi Swafiya alikuwa akiotesha watoto kutoka kwa mama, na mama akizeeka mtoto anachukua nafasi yake. Kwa hiyo ua lile, kwa namna yake, lilikuwa lile lile la Mzee Athumani.

Niliendelea kwenda kwake miaka mingi, hata baada ya gesti yangu kupata hereni zake. Nikaona macho yake yanavyofifia. Mtoto wa jicho alianzia jicho la kulia, akahamia na la kushoto. Lakini mikono yake! Alikuwa anapitisha vidole chini ya matawi, taratibu, na kila ua lililochoka linatoka na kitunda chake, na hakuna tumba hata moja lililoanguka. Mimi mwenye macho mawili nilikuwa naangusha. Nilimwambia hivyo, naye akacheka akasema mimi nina macho ila sina subira. Sijawahi kuona mtu anajua mti namna ile, na sidhani nitaona tena.

Siku moja Rukia, binti yake anayeishi Mombasa, akapiga simu. Daktari amepatikana, mama aende akapasuliwe jicho moja, apone, kisha jingine. Angekaa kule miezi. Bi Swafiya aliniita.

"Kyalo, nakuachia ua langu. Rangi yake sijaiona tangu Rukia aolewe. Nikirudi, kitu cha kwanza ninachotaka kukiona ni hicho. Si nyumba, si watu. Likifa msinifiche, na msininunulie lingine."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Kusema kweli, mwenye wasiwasi nilikuwa mimi. Mwaka ule watoto wote wa ua walikuwa wamekufa kwa joto, akabaki mama peke yake. Kile kichaka cha Kilungu kilichotoa kipandikizi cha kwanza kilikuwa kimeng'olewa siku nyingi, barabara ilipopanuliwa. Nilikata vipandikizi vya akiba, nikavifunika na kuviweka kivulini, vikanyauka vyote. Nilifikiria kulipandisha ua lenyewe Kilungu kwenye baridi, lakini lilikuwa limeanza kushika matumba, na kwa safari ile yote yangedondoka. Yeye alitaka kuliona limechanua.

Bi Swafiya akaondoka na wajukuu waliokuwa wakikaa naye. Nyumba ikafungwa, mimi nikabaki na ufunguo wa uani. Nilifanya kila kitu kama alivyonifundisha. Kidole asubuhi, mchanga mchana, chai ya mgonjwa Jumamosi. Na ua likaanza kuzorota.

Kwanza majani yalilegea mchana na hayakuinuka vizuri jioni. Kisha yakapata rangi ya shaba. Matumba madogo yakaanza kudondoka, na kila asubuhi nilikuwa nikiyaokota na kuyatia mfukoni, sijui kwa nini. Udongo ulikuwa sawa. Chungu kilikuwa pale pale. Nilikosa usingizi wa mchana, jambo ambalo Nduku atawaambia si la kawaida.

Jirani wa Bi Swafiya, Mama Mwende, muuza mboga, aliniangalia juu ya uzio akiwa na uchungu wa kweli.

"Kyalo, unataka kuua maua ya mama ya watu na kiu?"

"Mama Mwende, si kiu. Gusa hapa, udongo uko na maji."

"Aiya! Mimi naona tu majani imelala. Ng'ombe ikilala hivyo si utaipea maji?"

"Hii si ng'ombe."

"Sawa. Bi Swafiya akirudi, mimi nitasema nilikuambia."

Siku iliyofuata nilikuta chungu kimejaa pomoni. Alikuwa ameruka uzio, kwa umri ule na uzito ule, akalinywesha ua maji yake ya kununua ya kupikia. Ningemkasirikiaje? Nilikiinamisha chungu, nikamwaga, nikaacha udongo upumue, nikamwomba Mungu.

Nilipogeuza jani moja nikaona vitandabui vyembamba, na vidudu vidogo vyekundu vikitembea. Utitiri. Utitiri unapenda hewa kavu, hilo nilijua. Lakini miaka yote pale sikuwahi kuuona. Nikaketi kwenye kigoda cha Bi Swafiya, kando ya mawe, nikishika kichwa. Sasa hewa imekuwa kavu kwa nini? Jua ni lile lile, paa ni lile lile.

Adhana ya adhuhuri ikaanza pale msikitini. Na mimi, bila kufikiri, nikasogeza miguu yangu kando.

Nilisogeza miguu kwa sababu kila adhana ya mchana iliyonikuta uani pale, Bi Swafiya alikuwa anakuja na birika, nyuma yake wajukuu, na mtu aliyekaa karibu na mawe ilikuwa lazima apishe. Nikatazama chini. Mawe yalikuwa makavu, yana vumbi. Ule ukijani uliokuwa kati yake umekuwa kahawia. Nikayawekea kiganja, nikakitoa haraka kwa moto.

Hapo nikaelewa. Miaka yote ile, adhana hata adhana, watu wa nyumba walikuwa wakitawadha chini ya lile ua. Maji machache, kwa sababu Bi Swafiya hakuruhusu mtu kuyachezea, lakini mawe hayakuwahi kukauka, na mvuke wake ulikuwa ukipanda kwenye majani kutwa. Milimani sisi tunapewa ukungu na Mungu. Pale Kitui ua lilikuwa limepewa ukungu na watu wanaokwenda kuswali. Na mimi, mtaalamu, nilikuwa nautunza mti na kusahau nyumba.

Nikalitafuta birika. Nikajaza maji, nikayamimina kwenye mawe taratibu, nikanyunyiza na chini ya majani kuwafukuza wale wadudu. Kuanzia siku ile, adhana ya adhuhuri ikilia naacha jembe gesti natembea haraka hadi nyuma ya msikiti. Alasiri vile vile. Magharibi nikipita kwenda nyumbani. Alfajiri na isha niliziacha, jua halipo na ua halina shida.

Mama Mwende sasa aliona nimerukwa na akili. "Maji ya maua unakataza, halafu unamwagia mawe!" alilia. Lakini hiyo ilikuwa ndogo. Mtaa ulianza kuhesabu safari zangu. Jioni moja, katika chumba tulichopanga mjini Kitui, Nduku aliniwekea chakula akasimama, hakukaa.

"Baba Mutua, nasikia adhana ikilia wewe unatoka mbio."

"Ndiyo."

"Na unashika birika."

"Ndiyo."

"Umesilimu na hukuniambia?"

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa, akasema wanawake wengine wanaibiwa waume na wanawake, yeye ameibiwa na chungu. Kesho yake, nilipochelewa kwa kazi, nilimkuta yeye uani na birika mkononi, amevaa gauni lake la kanisani ili watu wasiseme. Mzee wa kanisa aliponiuliza, Nduku ndiye aliyemjibu, na mzee huyo hakuuliza tena.

Majani yalianza kuinuka jioni, kisha na mchana. Shaba ikaondoka, vikatokea vichipukizi vya kijani, na baada yake matumba, madogo, mengi, nikaogopa hata kuyapumulia. Vijana, vipandikizi vyote mnavyokata kwangu vimetoka kwenye matawi yale. Mkivifunga gazeti, vifungeni kwa adabu.

Mvua ilikuwa haijaanza Rukia alipomleta mama yake. Bi Swafiya alishuka na miwani myeusi, akanipita mlangoni bila salamu, yeye mwenye adabu kuliko watu wote niliowahi kuwajua. Alipofika chini ya paa la makuti akaivua miwani.

Hereni zilikuwa zimejaa hadi chini ya chungu. Alinyoosha mkono kwa mazoea, kisha akaurudisha. Akatazama tu. Machozi yakamtoka, na Rukia akamwambia asilie, daktari amekataza.

"Daktari hajaliona," Bi Swafiya akasema.

Halafu akainamisha kichwa, akayaona mawe. Yalikuwa mabichi, na ule ukijani kati yake ulikuwa umerudi. Akanigeukia.

"Kyalo. Nyumba ilifungwa. Nani alikuwa akitawadha hapa?"

"Ua, Bi Swafiya," nikamwambia. "Ua lilikuwa linatawadha." Nikamweleza yote, hata Nduku na gauni la kanisani, kisha nikamuuliza kwa nini hakunipa siri ya mawe pamoja na mengine yote.

"Siri gani, mwanangu? Mimi sikuwa na siri. Marehemu ndiye aliyetaka likae hapa. Alisema akitoka safari na vumbi lake lote, anataka kuliona kabla hajasimama mbele ya Mungu."

Adhana ya alasiri ikaanza, na mkono wangu ukaenda kwenye birika wenyewe. Bi Swafiya aliniwahi. Akalichukua, akavua viatu, akaketi kwenye kigoda chake, ua likiwa juu ya bega lake.

"Nipishe," akasema. "Leo zamu yangu."